Anajua kwa Sikio, Hasomi kwa Jicho: Mtoto Mwenye Disleksia Apimwe Wapi na Asaidiwe Vipi?



Katika kila madrasa hupatikana mwanafunzi wa namna hii. Akisikia sura fupi mara tatu, amekwisha ihifadhi. Akiulizwa nguzo za udhu, anazipanga moja baada ya nyingine bila kukosa. Lakini akifunguliwa msahafu na kuoneshwa neno moja katikati ya sura ile ile anayoijua kwa ghibu, anababaika. Shuleni mambo ni hayo hayo. Hesabu za kichwa anazitoa haraka, hadithi akisimuliwa anaielewa, ila akipewa kitabu asome kwa sauti, jasho linamtoka. Nyumbani anaambiwa mvivu, shuleni anaambiwa mzito, madrasani anaambiwa mtundu. Mwisho wake tunaufahamu sisi tunaokaa huku Soitsambu: siku moja anauacha mkoba ukutani, anatoka na ng'ombe, wala harudi tena darasani.

Tunachotaka kusema katika makala hii ni hiki: mtoto wa aina hiyo huenda ana disleksia, disleksia hupimwa, na aliyepimwa husaidika. Tena madrasa ni mahali pazuri pa kuitambua mapema, kwa kuwa hapa mtoto hufundishwa kwa sikio na kwa jicho kwa pamoja, na mwalimu mwenye kuzingatia huiona tofauti ya viwili hivyo.

DISLEKSIA NI NINI?

Disleksia ni ugumu wa kudumu wa kusoma na kuandika maneno, unaompata mtu mwenye akili timamu, aliyepata nafasi ya kufundishwa kama wenzake. Chanzo chake kikubwa kimo katika namna ubongo unavyoshughulikia sauti za lugha. Ili usome neno "kitabu", ni lazima ubongo ulikate vipande, ki-ta-bu, kisha ukiunganishe kila kipande na alama yake iliyoandikwa. Kwa mwenye disleksia kazi hiyo ya kukata na kuunganisha ni nzito na ya polepole. Macho yake yanaona sawasawa, na masikio yake yanasikia sawasawa; kinachochelewa ni ule upatanisho wa sauti na alama.

Hali hii mtu huzaliwa nayo, na mara nyingi hurithiwa katika ukoo. Ukimkuta mtoto anayo, si ajabu kumkuta baba, shangazi au mjomba aliyeacha shule kwa sababu ile ile. Wataalamu wengi hukadiria kwamba katika kila watu 100, kati ya 5 na 10 wanayo kwa kiasi fulani. Basi darasa la wanafunzi 40 laweza kuwa na wawili, watatu au wanne. Haitokani na jini, wala laana ya wazee, wala malezi mabaya ya mama. Na wala haiambukizi.

Disleksia haichagui lugha. Mwaka 2001 watafiti waliwapima wasomaji wa Kiitalia, Kifaransa na Kiingereza wenye disleksia, wakakuta udhaifu wa aina moja katika sehemu ile ile ya upande wa kushoto wa ubongo. Tofauti ilikuwa katika makosa tu. Kiitalia huandikwa kama kinavyotamkwa, na wasomaji wake walikosea kidogo kuliko wa Kiingereza. Kiswahili nacho huandikwa kama kinavyotamkwa. Kwa hiyo mtoto wetu mwenye disleksia anaweza hatimaye kusoma maneno kwa usahihi, lakini kwa taratibu mno, silabi kwa silabi, hata afikapo mwisho wa sentensi mwanzo wake amekwisha usahau. Mwalimu anayehesabu makosa peke yake, asitazame na muda, anaweza asimtambue kabisa.

KIJANA WA MWAKA 1896

Jambo hili halikuanza leo. Mwaka 1887 daktari wa macho Rudolf Berlin wa Ujerumani alitoa kitabu kidogo kilicholitia jina la disleksia katika elimu ya tiba. Mwaka 1896 daktari W. Pringle Morgan wa mji wa Seaford, Uingereza, akaandika katika jarida la madaktari habari za kijana wa miaka 14 aliyeitwa Percy. Kijana huyo alikuwa amefundishwa tangu ana miaka 7, kwa juhudi kubwa, na bado hakuweza kusoma isipokuwa maneno mafupi mno. Hata jina lake mwenyewe alilikosea, akaandika "Precy". Lakini alipopewa kuzidisha 749 kwa 867, alizidisha haraka na kwa usahihi. Mwalimu wake alikuwa na maoni kwamba kama mafundisho yote yangekuwa ya mdomo, kijana huyo angekuwa hodari kuliko wote shuleni.

Tuyazingatie maoni ya mwalimu yule. Madrasani mafundisho mengi ni ya mdomo. Percy angeketi katika mkeka wetu, tungemsifu kwa kuhifadhi, na huenda miaka mingi ingepita kabla hatujagundua kwamba hasomi. Kuhifadhi ni neema, lakini kwaweza kuwa pazia pia.

DALILI ZA KUZINGATIA

Dalili moja peke yake si hoja. Tunatazama dalili kadhaa zinazokaa pamoja kwa muda mrefu, angalau miezi 6, licha ya mtoto kusaidiwa.

Katika herufi za Kiswahili: kuchanganya b na d, m na n, u na n, hata baada ya miaka miwili ya shule; kuruka silabi ("kitabu" likawa "kibu"); kushindwa herufi zinazokaa pamoja kama mb, nd, ng', ny na mw; kubuni neno kwa kutazama herufi ya kwanza au picha; kuandika neno moja kwa namna tatu katika ukurasa mmoja; kunakili ubaoni taratibu mno.

Katika herufi za Kiarabu: ba, ta na tha zina umbo moja, zinatofautishwa kwa nukta, jim, ha na kha vivyo hivyo. Herufi nyingi hubadilika umbo zikiwa mwanzoni, katikati au mwishoni mwa neno. Kila mwanafunzi hukosea hapo mwanzoni. Lakini mwenye disleksia huendelea kukosea wenzake wakiwa wamekwisha vuka, na huisahau leo herufi aliyoijua jana.

Katika mazungumzo: kuchelewa kusema alipokuwa mdogo, kutafuta majina ya vitu anavyovijua, kushindwa kutaja siku za wiki au miezi kwa mpangilio, kushindwa kusema ni maneno gani yanaanza kwa sauti moja.

Katika tabia: kuumwa tumbo au kichwa kila inapofika zamu ya kusoma; kuomba ruhusa ya kwenda kunywa maji; kufanya mzaha ili atolewe nje. Mtoto huona afadhali aitwe mtundu kuliko aitwe mjinga.

SI KILA ASIYESOMA ANA DISLEKSIA

Hapa inatupasa uangalifu mkubwa, hasa kwa mazingira yetu. Watoto wa Soitsambu wengi huanza na Kimaasai nyumbani, wengine Kisonjo, kisha wanakutana na Kiswahili darasa la awali, Kiingereza shuleni na Kiarabu madrasani. Mtoto anayesema "sawadi" badala ya "zawadi" hana ugonjwa wowote. Kimaasai hakina sauti ya z, na yeye ameazima iliyo karibu nayo. Mtoto asiyejibu swali la Kiswahili huenda halielewi. Aulizwe kwa lugha ya mama yake kwanza. Kama kwa Kimaasai anasimulia vizuri, anakata maneno katika silabi na anacheza na sauti zake, basi tatizo lake kubwa ni lugha mpya, na dawa yake ni kuzungumza na kusomewa. Kama hata kwa lugha ya nyumbani hawezi kutenganisha sauti, hapo shaka ya disleksia inapata nguvu.

Pili ni macho. Trakoma, ambayo wengi huiita vikope, imewasumbua watu wa maeneo ya wafugaji kwa miaka mingi, na mtoto mwenye macho yanayowasha hawezi kusoma. Wengine hawaoni mbali, ubao kwao ni ukungu. Tatu ni masikio. Mtoto anayetoka usaha sikioni mara kwa mara husikia nusu, na atasoma na kuandika nusu. Nne ni mahudhurio. Aliyekosa shule miezi mitatu kwa sababu ya kuhamia na mifugo wakati wa kiangazi hawezi kulinganishwa na aliyehudhuria kila siku. Tano ni njaa, ugonjwa au msiba nyumbani. Na sita ni mafundisho yenyewe: darasa la wanafunzi 90 na vitabu vichache huzalisha wasiosoma wengi wasio na disleksia.

HATUA ZA KUMPIMISHA MTOTO

Wazazi wengi hudhani kupimwa ni safari moja ya kwenda kwa daktari mmoja. Hapana, ni hatua, na nyingi zinaanzia hapa hapa.

Hatua ya kwanza: daftari. Mwalimu wa madrasa na mwalimu wa shule waweke kumbukumbu kwa muda wa wiki 8. Mtoto amefundishwa herufi zipi, amezishika ngapi, kwa siku ngapi, anasoma maneno mangapi kwa dakika. Kwa Kiswahili kuna kipimo kilichowekwa nchini cha maneno 50 kwa dakika mwishoni mwa darasa la pili. Asiyefikia kipimo hicho si lazima awe na disleksia, lakini ni wa kutazamwa. Daftari hili litamfaa mpimaji kuliko maneno ya "huyu hasomi".

Hatua ya pili: macho na masikio. Mzazi aanzie zahanati, kisha aombe rufaa ya Hospitali ya Wasso. Ikihitajika zaidi, KCMC mjini Moshi ina idara ya macho na idara ya masikio, pua na koo. Karatasi ya majibu itunzwe. Bila hatua hii hakuna mtaalamu atakayesema kwa yakini kwamba ugumu wa mtoto ni disleksia.

Hatua ya tatu: shule. Mzazi aende kwa mwalimu mkuu, kwa adabu na bila ugomvi, amwombe mambo mawili: mtoto aonwe na mwalimu aliyesomea elimu maalumu, na ombi hilo liandikwe. Kama shule haina mwalimu huyo, barua ipelekwe kwa Afisa Elimu Kata na kutoka hapo kwa afisa anayeshughulikia elimu maalumu katika halmashauri ya wilaya. Mkoa wetu wa Arusha una bahati ya kuwa na Chuo cha Ualimu Patandi, wilayani Arumeru, kinachofundisha walimu wa elimu maalumu. Mzazi asione haya kuuliza: ni mwalimu gani katika wilaya yetu amepita Patandi?

Hatua ya nne: mtaalamu wa saikolojia au wa elimu maalumu, kwa yule ambaye hatua tatu za mwanzo hazikutosha. Huyu hupatikana zaidi katika miji mikubwa na hospitali kubwa. Kutoka huku ni safari ya siku nzima hadi Arusha, na ina gharama. Ndiyo maana tunasisitiza kwamba mtoto asikae bure akisubiri safari hiyo. Msaada wa kusoma unaanza siku shaka inapoingia. Mtoto asiye na disleksia hadhuriki kwa kufundishwa vizuri.

Majirani zetu wa Kenya walianza vituo vya kuwapima watoto kwa ajili ya elimu tangu mwaka 1984, na huko Kitengela, katika kaunti ya Kajiado, ipo shule ya Rare Gem Talent inayopokea watoto wenye disleksia. Tunalitaja hili ili mzazi asidhani kuwa jambo hili ni la Wazungu tu. Liko katika ardhi ya Wamaasai vile vile.

MPIMAJI HUANGALIA NINI?

Mtoto aambiwe mapema kwamba hendi kuchomwa sindano wala kupewa mtihani wa kufaulu au kufeli. Kwa kawaida mpimaji atafanya haya:

1. Atamuuliza mzazi historia: mimba na kuzaliwa, lini mtoto alianza kusema, magonjwa, lugha za nyumbani, na kama kuna ndugu mwenye shida hiyo.

2. Atapima sikio la sauti. Atamwambia mtoto apige kofi kwa kila silabi ya "ki-ta-bu". Atamuuliza, ukiondoa "ki" katika "kitabu", kinabaki nini? Jibu ni "tabu", na kwa mwenye disleksia swali lenyewe ni tabu kweli kweli.

3. Atampa maneno yasiyo na maana kama "fepu", "lomiza" na "tokuba". Hapa hakuna la kukariri wala kubuni. Anayesoma herufi atayasoma, na anayetegemea kumbukumbu atakwama.

4. Atapima mwendo wa kusoma kwa saa, imla, na ufahamu. Ufahamu hupimwa mara mbili: mtoto akisoma mwenyewe, na mtoto akisomewa. Kama akisomewa anaelewa sana na akisoma mwenyewe haelewi, hilo ni jambo kubwa.

5. Atapima akili kwa mambo yasiyo ya kusoma: picha, maumbo, hesabu za mdomo, mazungumzo.

Mwisho mzazi aombe taarifa iliyoandikwa. Taarifa nzuri husema mambo manne: nguvu za mtoto, udhaifu wake, afundishwe vipi, na apimwe tena lini. Taarifa yenye jina la ugonjwa peke yake haimsaidii mwalimu kitu.

Mzazi abebe nini? Madaftari ya shule na ya madrasa, kadi ya kliniki, karatasi za macho na masikio, matokeo ya mitihani, na daftari la wiki 8 tulilolitaja.

NAMNA YA KUMSAIDIA

Wilaya yetu ya Ngorongoro ilijulikana duniani mwaka 2011 kwa kikombe cha Samunge. Maelfu ya watu walipanga foleni kwa Mchungaji Ambilikile Mwasapila, aliyefariki mwaka 2021, wakitafuta dawa ya kunywa mara moja kwa shilingi 500. Tunaelewa hamu ya mzazi ya kupata kitu cha namna hiyo. Lakini disleksia haina kikombe. Haina kidonge, haina mitishamba, na anayekuuzia miwani ya rangi kwa ahadi ya kuiponya anakula mali yako. Dua ya mzazi kwa mtoto ni jambo kubwa, na pamoja na dua kuna kazi ya mikono. Kazi yenyewe ni kufundisha, kwa utaratibu huu:

Kidogo kidogo, kila siku. Dakika 15 au 20 kila siku zinafaa kuliko saa mbili za Jumamosi. Herufi mpya moja, na za nyuma zikirudiwa.

Kutoka sauti kwenda alama. Kwanza irabu tano, a, e, i, o, u. Kisha konsonanti moja na irabu zake: ma, me, mi, mo, mu. Kisha maneno ya silabi mbili: mama, mimi, mume. Tusirukie "ng'ombe" na "mbwa" kabla "mama" haijakaa.

Kwa jicho, sikio, mdomo na mkono pamoja. Mtoto aione herufi, aitamke, aiandike kwa kidole mchangani huku akiitamka. Njia hii ya kutumia milango mingi ya fahamu ilienezwa Marekani na daktari Samuel Orton na mwalimu Anna Gillingham katika nusu ya kwanza ya karne ya 20. Lakini wazee wetu waliokuwa wakiandika ubaoni kwa wino, wakisoma kwa sauti na kufuta, walikuwa karibu nayo sana. Mchanga wa Soitsambu hauna bei.

Kusikiliza huku akifuatisha. Wazazi wengi sasa wana simu. Kisomo cha taratibu cha Sheikh Mahmoud Khalil al-Husary wa Misri (1917–1980), mtu wa kwanza kurekodi Qur'ani nzima, ni hazina. Mtoto aweke kidole chini ya neno, asikilize, asimamishe, arudie. Kwa njia hiyo kuhifadhi kwake kunakuwa daraja la kwendea kwenye maandishi.

Maandishi makubwa yenye nafasi. Mistari michache kwa ukurasa, na kipande cha karatasi cha kufunika mistari ya chini.

Asilazimishwe kusoma kwa sauti mbele ya darasa kwa kushtukizwa. Apewe aya yake siku moja kabla, akajiandae. Mtihani wa fiqhi na sira aulizwe kwa mdomo, kwani pale tunapima elimu yake ya dini.

Na fimbo iwekwe mbali. Kiboko hakijapata kumfundisha mtu tofauti ya b na d. Kinachofundisha ni woga, na mtoto mwenye woga husahau hata anachokijua.

NUKTA ZILIWEKWA KWA AJILI YA WASOMAJI

Wako watakaosema, kumrahisishia mtoto mmoja ni kuwadhulumu wengine. Tuwakumbushe historia ya msahafu wenyewe. Maandishi ya Kiarabu ya mwanzo hayakuwa na alama za irabu, na herufi kama ba na ta hazikutofautishwa kwa nukta kama leo. Uislamu ulipoenea kwa watu wa lugha nyingine, wasomaji walikosea. Wanahistoria wanasimulia kwamba Abul-Aswad ad-Du'ali, aliyefariki mwaka 69 Hijria, aliweka nukta za wino wa rangi nyingine kuonesha irabu: juu ya herufi kwa fat-ha, chini kwa kasra. Baadaye zikaja nukta za kutofautisha herufi, na katika karne ya 2 Hijria al-Khalil bin Ahmad al-Farahidi akatunga alama za fat-ha, kasra na dhumma tunazozitumia. Hakuna neno lililoongezwa wala kupunguzwa. Njia tu ndiyo iliyosawazishwa kwa ajili ya waliokuwa wakijikwaa. Leo sisi sote tunasoma kwa msaada huo, wala hatuoni haya.

Na katika hadithi ya Bi Aisha (r.a.) waliyoipokea Bukhari na Muslim, Mtume (s.a.w.) ametaja ujira mara mbili kwa yule anayesoma Qur'ani huku anatatizika na kisomo kikimuwia kizito. Basi nani kati yetu atamcheka mwenye ujira mara mbili?

MITIHANI NA HAKI YA MTOTO

Shuleni hali ni nzito zaidi, kwa sababu mtihani hausubiri. Mwanafunzi hupimwa kusoma, kuandika na kuhesabu darasa la pili, kisha anakuja upimaji wa kitaifa wa darasa la nne, ambao asiyefaulu hurudia darasa. Mtoto mwenye disleksia akirudia bila kufundishwa kwa njia nyingine, amerudia mwaka wa taabu tu.

Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inatambua haki ya mtoto mwenye ulemavu kusoma pamoja na wenzake na kupata msaada unaomfaa. Baraza la Mitihani la Tanzania nalo lina utaratibu wa muda wa ziada kwa watahiniwa wenye mahitaji maalumu. Ombi hupitia kwa mwalimu mkuu wakati wa usajili, likiwa na vielelezo. Taarifa ya mpimaji inafaa hapo. Mzazi anayekumbuka jambo hili wiki moja kabla ya mtihani amechelewa. Aanze mwaka mmoja kabla.

NENO KWENU WANAFUNZI

Ndugu zetu wanafunzi, ninyi mnakaa karibu na mwenzenu kuliko sisi walimu. Mwanafunzi akijikwaa katika kusoma, kicheko chenu ndicho atakachokumbuka, hata kama neno lenyewe atalisahau. Msomeeni, mpeni nafasi, msimalizie neno kabla hajajaribu.

Na wewe unayesoma makala hii kwa shida, au unayesomewa na ndugu yako, sikiliza. Bondia Muhammad Ali (1942–2016), Mwislamu aliyejulikana dunia nzima na aliyefika Dar es Salaam mwaka 1980, alikuwa na disleksia. Alipomaliza sekondari mwaka 1960 katika mji wa Louisville alikuwa wa 376 kati ya wanafunzi 391, na mwaka ule ule akatwaa medali ya dhahabu ya Olimpiki huko Roma. Hatusemi kila mtu atakuwa bingwa wa dunia. Tunasema nafasi yake ya 376 haikuwa kipimo cha mtu mzima aliyekuwa ndani yake. Mwambie mwalimu wako, "Ustadhi, herufi zinanishinda." Sentensi hiyo ndiyo mwanzo wa kupimwa.

Wazazi nao tunawaomba hivi: kabla ya kumwambia mtoto kwamba shule imemshinda, mpelekeni akapimwe macho, masikio, kisha kusoma. Ng'ombe wanangoja malisho tu. Mtoto anangoja aambiwe ana nini.

Wabillahi tawfiq.